Kijana ameondoka na wateja wangu: nianzie wapi?

Swali la msomaji wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda:

"Mzee, pokea salamu. Nina duka la spea za pikipiki hapa Arua, mwaka wa sita huu. Rejareja nauza, lakini riziki yangu kubwa ni wateja wa jumla: mafundi na wenye maduka madogo wa Koboko, Yumbe na Nebbi, na wengine wa ng'ambo ya mpaka, Ariwara, Kongo. Walikuwa 23. Kijana aliyekuwa akiwahudumia, niliyemfundisha kazi mwenyewe kwa miaka minne, aliondoka bila notisi akaenda kwa mshindani wangu, duka la tatu kutoka langu. Ndani ya miezi miwili wateja tisa wamemfuata. Watano kati yao nawadai mali kauli, jumla shilingi 6,400,000, na wawili wanasema walishamlipa yeye kwenye simu. Nimepata mshauri anayesema atamwandikia kijana mkataba wa kumzuia kuuza spea West Nile yote, yaani mkoa wetu huu mzima, kwa miaka mitano, na akikataa kutia saini tutampeleka mahakamani. Anataka 800,000 za makaratasi sasa, halafu asilimia 30 ya tutakachopata tukishinda. Ni mtu anayejua mambo, hata mshindani wangu humtumia kwa kodi zake. Nimpe kazi?"

Jibu:

Dada yangu, usimpe. Kama zile 800,000 bado ziko mkononi mwako, zifungie. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale mwisho, ulipoandika kama vile unamsifu: hata mshindani wako humtumia kwa kodi zake. Mtu huyo anajua mshindani wako ananunua nini, kwa bei gani na anamkopesha nani. Ukimfungulia daftari lako, ya kwako pia atayajua. Huenda ni mwaminifu, simhukumu. Lakini hawezi kusimama upande wako kwa moyo mmoja katika ugomvi na mtu anayemlipa. Najua Arua watu wanafahamiana, na maduka mawili kutumia mhasibu mmoja si kosa. Ila kwa jambo lililo baina yenu wawili, alipaswa kukwambia mwenyewe, kabla hajataja bei: "Mama, yule ni mteja wangu, tafuta mtu mwingine." Hakusema. Hilo pekee lingenitosha.

Habari ya washauri nitairudia. Tuanze na pesa, kwa sababu ushahidi wa pesa unapotea haraka. Watu hufuta ujumbe wa simu, hubadilisha laini, husahau.

Wale wawili waliomlipa kijana kwenye simu, namba hiyo waliipata wapi? Hukuandika, lakini nimeshika vitabu vingi vya risiti vya maduka ya spea. Juu limegongwa jina la duka kwa muhuri wa bluu, chini kuna namba ya simu, na namba hiyo ni ya kijana wa mauzo. Mwenye duka aliiweka mwenyewe kwa sababu kijana ndiye aliyekuwa akipokea oda. Kama kwako ni hivyo, mteja aliyelipa kwenye namba ile alimlipa mtu ambaye wewe ndiye uliyemsimamisha mbele yake kama mpokeaji wako. Sheria humtazama mteja huyo kama aliyelipa deni lake, hasa kama hukuwahi kumjulisha kwamba yule si mtu wako tena. Ukimdai mara ya pili utampoteza kabisa, na mbele ya hakimu unaweza kushindwa. Mdaiwa wako hapo ni kijana. Alipokea pesa za spea zako kwa jina la duka lako, na pesa hizo ni zako. Dai hili ni zito kuliko lile la kuhama na wateja, na sielewi kwa nini mshauri wako hakuligusa.

Basi kaa na kila mmoja wa wale watano, mmoja mmoja, daftari likiwa wazi mezani. Pitieni tarehe kwa tarehe: alichukua cheni ngapi, tairi ngapi, alilipa lini na kwa njia gani. Anayesema alilipa kwenye simu akuonyeshe ujumbe wa muamala, uupige picha hapo hapo. Kiasi mnachokubaliana kiandikwe, atie saini, nawe utie. Kwa Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010, mapatano yanayozidi shilingi 500,000 yanatakiwa yawe kwa maandishi, na ujumbe wa simu uliohifadhiwa nao ni maandishi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bado hujafika huko, lakini umekaribia.

Ukishajua kijana alipokea kiasi gani, mwandikie barua ya adabu yenye hesabu na siku za kulipa. Asipolipa, mahakama za mahakimu zina utaratibu wa madai madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000. Hapo huendi na wakili. Unaingia mwenyewe na karatasi zako, na kesi haikai miaka. Deni lako lote, hata lingekuwa la mtu mmoja, linaingia humo. Hiyo asilimia 30 ungemlipa mtu kwa kazi ambayo karibu yote unaweza kuifanya mwenyewe.

Kisha, leo hii, watumie wateja wote 23 ujumbe mfupi. Waambie fulani hafanyi kazi tena katika duka lako, oda na malipo yaende kwenye namba hii tu. Usiongeze neno. Usiandike kwamba ni mwizi, hata kama moyo unachemka. Ukiandika usichoweza kukithibitisha, wewe ndiye utakayeshtakiwa.

Sasa tuje kwenye mkataba wa miaka mitano. Kijana ameshaondoka. Humlipi mshahara, hana anachopata kwako, kwa nini atie saini karatasi ya kujifunga? Na hata angeitia miaka minne iliyopita, mahakama zetu hufuata msimamo wa zamani wa sheria tulioupokea kutoka Uingereza: kifungu cha mkataba cha kumzuia mtu kufanya kazi yake hakisimami mpaka anayekidai aonyeshe kwamba kinalinda kitu chake halali na hakizidi kiasi. Kijana wa spea kuzuiwa West Nile nzima, kutoka Nebbi hadi Koboko, kwa miaka mitano, ni kumwambia ahame mkoa au abadili kazi. Sioni hakimu wa kulikubali hilo. Kingekuwa na nafasi kifungu chembamba: kwamba akiondoka, kwa miezi sita au mwaka, asiwafuate wateja aliokuwa akiwahudumia yeye kwa niaba yako, na asitumie orodha wala bei zako. Kifungu cha namna hiyo kiweke kwenye barua ya ajira ya kijana atakayefuata, siku ya kwanza, kabla hajashika funguo.

Na barua ya ajira iwepo. Sheria ya Ajira ya 2006 inakutaka umpe mfanyakazi masharti yake kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu aanze kazi. Kwa aliyefanya kazi zaidi ya mwaka na chini ya miaka mitano, notisi ni mwezi mmoja kwa pande zote mbili, kwa hiyo kijana alikukosea kwa kuondoka vile. Ila kama hukumpa hata karatasi moja kwa miaka minne, ukienda kulalamika utaulizwa na wewe.

Kuna sheria nyingine watu watakutajia. Ya Ushindani, ya mwaka 2023, inahusu wakubwa wanaopanga bei kwa siri au wanaotumia ukubwa wao kuziba soko. Jirani anayeuza cheni kwa bei ya chini kuliko yako havunji sheria hiyo. Inayoweza kukufaa zaidi ni Sheria ya Kulinda Siri za Biashara ya 2009, lakini ina sharti ambalo wengi hulipita: habari unayoiita siri lazima uwe umeitunza kama siri. Orodha ya wateja iliyobandikwa ukutani karibu na kalenda, kila anayeingia anaisoma, si siri. Bei zako za kununulia ukizitaja kwa sauti mbele ya wateja, si siri. Daftari likae kwenye kabati yenye ufunguo, na wanaolifungua wawe wawili wanaojulikana. Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2019: majina na namba za wateja wako ni taarifa za watu, na kuzichukua au kuzitoa kinyume cha sheria ni kosa. Ila nayo inakubana wewe, uzitunze vizuri.

Haya yote ni ya kujikinga. Hayatamrudisha hata fundi mmoja. Dada, nitakuambia jambo ambalo hutalipenda, na nisipokuambia nitakuwa nimekula wakati wako bure. Wale tisa hawakukuacha wewe. Hawakukujua. Kwa miaka minne waliyemjua ni kijana. Yeye ndiye aliyepokea simu saa mbili usiku, yeye ndiye aliyekumbuka kwamba fundi wa Koboko hataki pedi za breki za aina fulani, yeye ndiye aliyepakia mzigo kwenye taksi ya asubuhi. Alipohama alihama na kumbukumbu, na kumbukumbu haifungiwi kabatini. Biashara yako ilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja na laini moja ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Na umemlipa nini mtu huyo? Hukusema, nami nakuuliza kwa heshima. Kama alipata mshahara ule ule mwaka wa kwanza na mwaka wa nne, huku yeye ndiye aliyeleta nusu ya wale 23, basi mshindani wako hakuhitaji hila kumchukua. Aliongeza kidogo tu. Kijana wa mauzo mpe kamisheni ndogo kwa mzigo uliolipwa, nasema uliolipwa, si uliotoka dukani. Akijua kwamba fundi akichelewesha deni na yeye anachelewa kula, atakusaidia kudai badala ya kupokea pesa pembeni.

Nililijifunza hili kwa maumivu. Nilikuwa na stoo ya jumla Kampala, na karani wangu mmoja ndiye aliyezungumza na wateja wa kaskazini wote. Alipougua wiki tatu, simu ya stoo ilinyamaza. Nilidhani biashara imelala. Alipopona akarudi, ndipo nikagundua oda zote zilikuwa zikilia kwenye mfuko wa shati lake nyumbani. Yeye hakuniibia, alikuwa mtu mwema. Lakini siku ile sikulala.

Kwa hiyo nunua laini kwa jina la duka, isajiliwe kwa jina la biashara au kwa kitambulisho chako, na simu yake isitoke dukani jioni. WhatsApp ya wateja iwe kwenye laini hiyo. Chukua namba ya kulipia ya wafanyabiashara kwa MTN au Airtel, au kote kuwili, pesa ziingie kwa jina la duka, na namba hiyo ipakwe rangi ukutani na kwenye risiti. Kila mteja wa jumla awe anajulikana na watu wawili, mmoja wao wewe. Na daftari la wateja lisiwe la madeni peke yake. Kwa kila mmoja andika: pikipiki gani zinaingia kwake zaidi, siku ya soko lao, anapenda kulipa lini, spea ipi alirudisha na kwa nini. Kijana akiondoka, mrithi wake asome ukurasa mmoja aanze kazi.

Bei usishindane naye. Kila ukishusha, mshindani atashusha zaidi, mwishowe nyote mtaleta spea bandia ili mpate faida, na hapo wateja watawakimbia wote wawili. Fundi ana hofu moja kubwa: kumfungia bodaboda cheni leo, ikatike kesho kutwa njiani, kijana wa boda arudi na kelele mbele ya watu. Anayeiondoa hofu hiyo ndiye anayemshika fundi. Sema wazi, uandike kwenye risiti: spea ikiwa na kasoro ya kiwandani ndani ya siku kadhaa, rudisha, nakupa nyingine. Utapata hasara kidogo. Iweke kwenye hesabu kama unavyoweka kodi ya chumba.

Na toa habari mbaya mapema. Daraja la Karuma, lililo kwenye njia ya kutoka Kampala kuja kwenu, lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024, magari ya mizigo ya West Nile yalizungushwa mbali. Namfahamu mama mmoja wa vifaa vya ujenzi aliyekaa siku nzima na simu, akampigia kila mteja wake: mzigo utachelewa, nauli imepanda, bei itaongezeka kiasi hiki, ukihitaji haraka nenda kanunue kwa fulani. Aliwatuma kwa mshindani kwa mdomo wake! Gari lilipofika, walirudi. Duka jingine la mtaa ule lilikuwa likiwajibu watu "kesho, kesho" kwa wiki tatu.

Turudi kwa mshauri. Yule wako anajiita mshauri. Je, ni wakili? Kama ni wakili, ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, maana kinatolewa upya kila mwaka. Mwambie akuonyeshe, na asione haya. Ukiwa na shaka, uliza Chama cha Mawakili cha Uganda. Akikukosea, Baraza la Sheria lina kamati inayosikiliza malalamiko. Na ujue kwamba hata wakili halisi haruhusiwi kupatana nawe kwamba atalipwa pale tu atakaposhinda kesi. Sheria ya Mawakili haiyatambui mapatano hayo. Kwa hiyo ile asilimia 30 ni dalili mbaya kwa pande zote: kama ni wakili, anajua haifai, kama si wakili, anakuuzia kesi asiyoweza kusimama mahakamani kuitetea. Mhasibu naye ana chombo chake, Taasisi ya Wahasibu wa Umma wa Uganda, na mawakala wa kodi wameandikishwa na Mamlaka ya Mapato, orodha yao iko wazi. Mtu atakayekutoza pesa za kukupatia namba ya mlipa kodi mkimbie, namba hiyo hutolewa bure.

Cheti kinaonyesha kwamba mtu amesoma. Hakionyeshi kama atakusikiliza. Mimi humpima mshauri kwa maswali anayoniuliza kabla ya kutaja bei. Wako hakuuliza kuhusu daftari, hakuuliza namba iliyokuwa kwenye risiti, hakuuliza kama kijana alikuwa na barua ya ajira. Alikuja na dawa kabla ya kumgusa mgonjwa. Mshauri mzuri angekuchosha kwa maswali nusu saa, kisha huenda angekwambia: sehemu hii huna kesi, sehemu hii unayo, na hii ndogo nikuandikie kwa bei hii, kwa maandishi. Mpe kwanza kazi ndogo, kwa mfano barua ya ajira ya ukurasa mmoja. Uone kama anaileta siku aliyosema, na kama unaielewa ukiisoma mwenyewe bila yeye kukufafanulia. Kama mawakili wote wa Arua unaowajua wanahudumia mtaa wako, Gulu si mbali.

Na usisahau mshauri asiyetoza. Tafuta mfanyabiashara mwenzako aliyekutangulia miaka kumi, asiyeuza spea, labda wa magodoro au wa mbegu, mtu ambaye akikwambia ukweli hapotezi kitu. Mwombe saa moja kwa mwezi, mfungulie hesabu zako. Mimi nilikuwa na mzee mmoja wa nguo, marehemu sasa, aliyenizuia kuchukua mkopo ambao afisa aliyenishawishi alikuwa akila kamisheni juu yake. Yeye hakuwa na cha kupata kwa jibu lolote, ndiyo maana nilimwamini.

Wale tisa usiwafuate wote kwa pamoja. Chagua watatu, wale wanaolipa vizuri na wasio na deni lenye utata. Panda gari la Koboko mwenyewe, siku isiyo ya soko ili fundi awe na nafasi. Beba cheni mbili na pedi za breki, si za kuuza, za kumwachia azijaribu. Keti kwenye benchi lake, kunywa chai yake, na jina la kijana lisitoke mdomoni mwako. Muulize ni pikipiki gani zinamsumbua sasa hivi, na uandike anachojibu.